Ya Bara na ya Ng'ambo

Wanangu, siku ile mliponiita ukumbini Woolwich mkaniomba niwaandikie habari za kazi yangu, mmoja wenu alisema, "Bi Zuhura, tuandikie mafanikio." Nilicheka, nikamaliza chai yangu, nikaenda zangu kupanda basi. Mafanikio mtayasoma kwa wengine, wako wengi wanaoyapenda. Mimi nimefanya kazi ya laini za simu na mitandao katika mji huu wa London miaka ishirini na ushei, na ninachokijua kuliko vyote ni hofu. Nilikuwa mwoga nilipoanza na mwoga nilipostaafu. Kama mnataka habari za hofu, kaeni chini, hizo ninazo tele.

Kwanza mjue tulikuwa tunafanya nini. Leo mnaweka simu mbele ya uso mnazungumza na shangazi aliye Goma au Malindi huku mnapika ugali. Miaka ya tisini haikuwa hivyo. Laini moja ya simu ilikuwa nyembamba mno kubeba picha inayotembea. Kwa hiyo tulichukua laini sita, tukaikata picha vipande vidogo vidogo, kila kipande tukakipa namba, tukavigawa kwenye zile laini zote. Upande wa pili kulikuwa na mtambo wa kuvipokea na kuvipanga upya kwa namba zake. Kipande kilichochelewa kidogo kilisubiriwa. Kilichochelewa sana kiliachwa, na picha ikaendelea bila yake.

Sasa, laini sita hazipiti njia moja. Tano zinaweza kwenda moja kwa moja na ya sita ikazungushwa kote huko kabla ya kufika. Mimi hilo niliambiwa darasani, nikaliandika kwenye daftari, nikalisahau. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa mkutano wa wakubwa wa kampuni fulani, nusu yao wako London, nusu wako mji mwingine. Mtambo niliuwekea subira isiyolingana, ya picha fupi na ya sauti ndefu mno. Basi mkubwa wao akawa anafunga mdomo ndipo sauti inaanza. Akacheka kwa maneno ya mwenzake, na kicheko chake kikatufikia wakati mwenzake anatangaza habari za msiba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na bisibisi mkononi, na mkono wangu ulitetemeka mpaka bisibisi ikawa inagonga ukuta.

Aliyekuja kuniokoa ni Bwana Ramnik, mkubwa wangu wa kazi. Huyu alikuwa Mhindi wa Tanga, amezaliwa kule na kusoma kule, na wakati huo akikaa mtaa wa Rayners Lane na mkewe na kasuku wao. Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakuacha kunikumbusha. Alipita nyuma ya pazia, akabonyeza vitu viwili, midomo na sauti zikapatana. Halafu akaniangalia.

"Unatetemeka," akasema.

"Samahani, Bwana Ramnik."

"Samahani ya nini? Mimi fundi asiyetetemeka simpi funguo za gari langu. Ila ukitetemeka, tetemeka kwa Kiswahili."

Maana yake ilikuwa hii. Mambo yakiharibika mbele ya mteja, sisi wawili tuzungumze Kiswahili, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanaoulizana habari za nyumbani. Mteja akisikia Kiingereza cha hofu ataogopa, akiogopa ataanza kubonyeza vitu. Tulikuwa tunaweza kusimama katikati ya ofisi ya watu nikamwambia kwa tabasamu, "Bwana Ramnik, hapa tumekwisha," naye akanijibu kwa tabasamu, "Naona, naona, wewe nyamaza tu ucheke." Desturi hiyo ilitusaidia miaka mingi. Nitawaambia pia ilivyotuponza.

Alikuwa na mafundisho mengine mawili. La kwanza, fundi hana mdomo. Ukiwa ndani ya chumba cha mteja wewe ni kama meza. Wanayozungumza si yako, hata kama unayasikia, hata kama unajua wanakosea. La pili, tembea njia. Hilo nililipata kwa aibu. Kampuni yetu ilikuwa inawaahidi wateja njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Nilikuwa na jengo moja Thamesmead, na kwenye karatasi laini zake mbili zilikuwa zimechorwa mbali mbali kabisa, moja nyekundu na moja ya buluu. Nikatia saini. Haikupita muda, tingatinga la watu wa maji likachimba barabarani, likang'oa zote mbili kwa mpigo mmoja. Jengo zima likanyamaza.

Bwana Ramnik hakunigombeza. Kesho yake alinichukua, mvua inanyesha, tukaanza kuifuata laini nyekundu kwa miguu kutoka mfuniko wa chuma mmoja hadi mwingine, halafu tukarudi tukaifuata ya buluu. Tulipofika pale palipochimbwa aliniambia nisimame juu ya mfuniko. "Chini yako iko ipi?" Nikasema nyekundu. "Na ya buluu iko wapi?" Nikaangalia karatasi iliyolowa, nikamwambia iko chini yangu pia. Alitikisa kichwa akanipa leso nijifute uso. Tangu siku hiyo sijawahi kutia saini kwa njia ambayo sijaikanyaga, na nyinyi mnaokaa mbele ya kompyuta mkiona njia kumi kwenye skrini, inukeni siku moja mkazikanyage.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Bwana Ramnik alikuwa ameshastaafu, mimi ndiye mkubwa wa kazi. Kulikuwa na kliniki ya akina mama na watoto wachanga, upande wetu wa kusini wa mto Thames; jina lake sitalitaja. Haikuwa na daktari bingwa wa moyo. Kwa hiyo tuliwawekea mtambo. Daktari wa pale anampima mtoto kwa kile kifaa cha kuonyesha moyo unavyopiga, na bingwa aliye hospitali kubwa katikati ya London anaiona picha ile ile, wakati ule ule, na kumwelekeza: sogeza huku, inua kidogo, simama hapo.

Wakati huo tulikuwa tumeachana na laini sita. Tulitumia mbili, nene zaidi, na vipande vya picha viligawanywa nusu huku na nusu huku. Moja ilipita chini ya Thames ikatokea upande wa kaskazini, ndipo ikaelekea mjini. Nyingine haikuvuka maji. Ilipanda na nchi kavu kwenda Eltham na kuzungukia kusini. Zote mbili nilizitembea kwa miguu, ile ya kwanza nikivuka kwa feri ya Woolwich.

Mimi ni mtu wa Mombasa, kisiwani. Nikiiona feri ya Woolwich naiona ya Likoni. Basi laini iliyovuka maji nikaiita ya ng'ambo, na ile iliyopanda na nchi kavu nikaiita ya bara. Namba zao za karatasini zilikuwa na tarakimu kumi na kitu, nani angezisoma kwa simu mambo yakiwa moto? Mwenzangu niliyekuwa nikifanya naye kazi siku zote alikuwa wa Mombasa pia. Hatukuwahi kukosana hata mara moja.

Siku hiyo mwenzangu alikuwa anaumwa, nikaletewa Othman. Othman alikuwa wa Unguja, mtu mzima wa makamo, mkimya, makini, aliyekuwa akifanya kazi upande wa magharibi wa jiji. Tulikuja kufanya ukaguzi wa kawaida tu. Asubuhi nilimpeleka chini kwenye chumba cha kebo, nikamfungulia ramani, akazifuata njia zote mbili kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Nikapitisha mkono juu ya kebo zenyewe nikamwambia, "Ndizo hizi. Ya bara na ya ng'ambo." Akasema, "Naam, nimeelewa." Nami nikapanda ghorofani.

Kama saa nne hivi asubuhi mlango wa chumba cha mtambo ulifunguliwa kwa kishindo. Akaingia daktari wa watoto, mwanamke kijana wa Kiskoti, na muuguzi anasukuma kitanda kidogo cha kioo. Ndani yake mtoto wa kike aliyezaliwa alfajiri ile. Midomo yake ilikuwa ya buluu, rangi ambayo midomo ya mtoto haitakiwi kuwa nayo. Nyuma yao mama yake kwenye kiti cha magurudumu, peke yake. Mumewe alikuwa kazini, anafanya usafi kwenye jengo moja huko mjini, hawajampata. Mkalimani walikuwa wamemwita, hajafika.

Nilishika simu ya ndani nikamwambia Othman, "Tuna mgonjwa wa kweli sasa, kaa hapo hapo." Mama yule akasikia. Alininyakua mkono wa koti.

"Mama, unasema Swahili," akasema. "Banasema nini juu ya mutoto?"

Alikuwa Mkongo wa pande za Bukavu, jina lake Furaha. Nikamwambia wanautazama moyo wake, kuna daktari mkubwa atautazama kwa mbali. Akasema, "Aksanti," lakini koti hakuliachia.

Bingwa akatokea kwenye skrini, mzee mwenye miwani, mpole. Daktari akaweka kile kifaa juu ya kifua cha mtoto, kifua chenyewe upana wa kiganja changu. Moyo ukaonekana. Nimeona picha nyingi katika kazi yangu, za wakubwa, za mikutano, za maharusi. Sijawahi kuogopa picha kama ile. Kila ulipopiga nilihesabu kimoyomoyo, kana kwamba nikiacha kuhesabu na wenyewe utaacha.

Nao mtambo ukachagua wakati huo kuharibika. Picha ilianza kuvunjika miraba miraba. Nilikuwa na skrini yangu ndogo pembeni inayoonyesha vipande vingapi vinapotea na kwenye laini ipi. Ya ng'ambo ilikuwa nzima kabisa. Ya bara ilikuwa inaumwa, inamwaga vipande kama gunia lililotoboka. Na kwa kuwa tulikuwa tumegawa nusu kwa nusu, ugonjwa wa moja ulikuwa unaichafua picha nzima. Dawa yake ni rahisi na nilikuwa nimeshaifanya mara nyingi: ichomoe iliyo mgonjwa, mtambo wenyewe utahamishia vyote kwenye nzima. Picha itapungua ukubwa, lakini itakuwa safi.

Nikachukua simu. Kwa Kiswahili, na tabasamu la Bwana Ramnik usoni.

"Othman, ya bara inaumwa. Ichomoe. Usiiguse ya ng'ambo."

"Nachomoa ya bara," akasema. "Ya ng'ambo siigusi."

Amerudia neno kwa neno. Ungetaka nini zaidi? Nikaweka simu.

Picha ikaganda. Moyo wa mtoto ukasimama kwenye skrini, na mimi nilijua ni picha tu iliyosimama. Sauti ya bingwa ikaendelea kuja, na ndipo alipotamka ile sentensi. Chumba kizima tuliisikia, kwa Kiingereza, bila mkwaruzo wowote: anzeni dripu, nimeiona mishipa ya nyuma.

Daktari alikuwa na dripu ya dawa tayari kando ya kitanda. Akamgeukia muuguzi akasema, "Haya, anza."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Mtambo wetu ulikuwa na tabia moja tuliyokuwa tukiisifia sana kwa wateja. Kipande cha sauti kikipotea, hauachi kimya. Unainyoosha ile sauti iliyotangulia, unaziba pengo, ili sikio la msikilizaji lisikwazike. Ukisikiliza hutajua kama kuna kitu kimeondoka. Mimi nilikuwa naiangalia ile skrini ndogo, na namba ya vipande vilivyopotea iliruka mara mbili ndani ya ile sentensi moja. Iliruka mwanzo kabisa, ikaruka tena katikati.

Kwa Kiswahili kukataza kumo ndani ya neno lenyewe. Ukisema "msianze" na pengo likala kipande, neno linabaki limevunjika, mtu anauliza umesema nini. Kiingereza hakiko hivyo. Neno la kukataza linasimama peke yake mbele, dogo, na ukiliondoa, yaliyobaki yanasimama wima kana kwamba hakuna kilichotokea. Na neno la kusema "mpaka" nalo ni dogo vile vile. Mimi nimejifunza Kiingereza ukubwani, kila neno dogo nimelipigania, ndiyo maana niliogopa.

Fundi hana mdomo. Niliyasikia maneno hayo kichwani kwa lafudhi ya Tanga. Nikiwa nimekosea, nimechelewesha dawa ya mtoto anayekufa. Nikiwa nimepatia na nikanyamaza, je? Muuguzi alikuwa ameshaushika mkono wa mtoto.

"Daktari, usianze," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba mno, nikarudia. "Usianze. Sentensi ile haikufika nzima."

Akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuniona mle ndani. "Nimemsikia vizuri kabisa."

"Umeusikia mtambo. Kuna sehemu mbili zimezibwa."

"Sehemu gani?"

"Sijui."

"Sasa una hakika gani?"

"Nina hakika zimepotea. Zilikuwa zinasema nini, hilo sijui."

Alimwangalia mtoto, akamwangalia muuguzi, akaniangalia mimi. Alikuwa na hofu kama yangu, tena yake kubwa zaidi, maana saini ni yake. "Nakupa dakika mbili," akasema. Muuguzi mwingine, aliyekuwa mlangoni, alikuwa ameshapiga simu ya kawaida kwenda hospitali kubwa. Mapokezi wakamwambia asubiri, wakamwekea muziki.

Nikashika simu ya ndani. "Othman, umefanya nini?"

"Nimechomoa ya bara."

"Picha imekufa, Othman."

"Nimechomoa ya bara, Bi Zuhura, wallahi. Ninayo mkononi."

Hakuwa mtu wa kusema uongo. Na ile skrini ndogo ilikuwa inaniambia laini iliyoondoka ni ile nzima. Nilikuwa karibu kumpigia kelele, na kama ningempigia kelele tungebaki tunabishana, yeye anasema bara na mimi nasema bara. Sijui ni nini kilichonifanya niulize vingine.

"Hiyo uliyoishika inapita wapi?"

"Chini ya mto. Inavuka maji."

"Hiyo ndiyo ya ng'ambo!"

"La," akasema Othman taratibu. "Inavuka maji inakwenda bara. Ya ng'ambo ni hii nyingine, ya nchi kavu."

Mtu wa Unguja, wanangu. Kwake yeye bara ni kule ukivuka bahari. Na Ng'ambo ni mtaa wa mji wake, unakwenda kwa miguu, hata hori la bahari lililokuwa likiugawa mji lilishafukiwa. Maneno yetu yalikuwa yale yale mawili na yeye alikuwa ameyapanga kinyume changu tangu alipozaliwa.

"Irudishe hiyo," nikamwambia. "Chomoa ile nyingine. Ya Eltham, Othman. Eltham."

"Eltham. Narudisha hii, natoa ya Eltham."

Ukiirudisha kebo, mtambo hauamki hapo hapo. Unaitafuta njia, unajaribu, unaulizana na mwenzake wa upande wa pili. Inachukua kama dakika nzima. Dakika hiyo sitaki kuwaeleza sana. Mtoto alikuwa anapumua kwa kifua chote, kile kifua kidogo kinaingia ndani. Daktari alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Muuguzi hakuuachia mkono wa mtoto. Muziki wa mapokezi ulikuwa unalia kwenye simu, kinanda fulani.

"Mama," Furaha akaniambia, "mbona bote banyamaza?"

"Wanasubiri kidogo tu," nikamwambia.

"Wewe iko unatetemeka."

Nilimfunika mkono wake na wangu, yote miwili ikawa inatetemeka kwa pamoja.

Picha ikarudi, ndogo, safi. Bingwa alikuwa amesimama, uso wake karibu na kamera, na yule mzee mpole alikuwa anapaza sauti. "Mnanisikia? Nimesema msianze dripu. Msianze mpaka nimeiona mishipa ya nyuma. Mnanisikia?"

Muuguzi akaiweka dripu mezani. Daktari alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akasema, "Tunakusikia," halafu akarudisha kifaa kifuani kwa mtoto. Wakaitazama hiyo mishipa ya nyuma ya moyo. Ilikuwa imekaa vibaya, imeingia pasipo pake. Baadaye daktari alinieleza kwamba watoto wengi wenye midomo ya rangi ile dawa ile huwaokoa, lakini kwa ugonjwa wa huyu ingeyajaza mapafu yake. Gari la wagonjwa lilimchukua saa ile ile kwenda kupasuliwa. Furaha alikwenda naye, na ilibidi vidole vyake vibanduliwe kwenye koti langu kimoja kimoja.

Nilishuka chini. Othman alikuwa amekaa juu ya sanduku la zana, amezishika kebo zote mbili, moja kila mkono, kama mtu aliyeogopa kuziweka chini.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Wamempeleka."

"Bi Zuhura, kwenu bara ni wapi?"

Nikamwambia. Akaniambia ya kwao. Hatukucheka, ingawa nikiwasimulia watu wengine hapa ndipo wanapocheka. Alikuwa tayari kwenda kusema ni kosa lake, nikamwambia la, jina ni langu, nimelitunga mimi nikalipeleka kwa mtu bila kumuuliza. "Basi tutaandika nini kwenye ripoti?" akasema. Nikaandika kwamba kulitokea hitilafu kwenye mojawapo ya njia na imerekebishwa. Wala si uongo. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila nikiisoma naona palipozibwa.

Mkitaka funzo la kazi, ni hili: usimuulize mwenzako kama ameelewa, wala usitosheke akirudia maneno yako. Mwambie akueleze anachokiona na kinakwenda wapi, kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya siku ile nilifunga uzi mwekundu kwenye kebo moja na mweupe kwenye nyingine katika kila jengo, na fundi mpya nilimfanya anionyeshe njia kwa mkono kabla sijampa funguo. Walinicheka. Waliniita Bi Uzi.

Lakini kule kliniki waliniita mengine. Daktari alimweleza kila mtu kwamba yule mama wa laini alisikia neno ambalo halikufika. Wakaniletea maua. Kampuni ikanipa cheti. Nilisimama nikapokea, nikatabasamu kwa Kiswahili.

Wiki kadhaa baadaye Furaha alinitafuta. Alikuja na mumewe na mtoto kwenye shali, mtoto ana kovu refu katikati ya kifua na mashavu yamejaa. Akaniambia, "Mutoto tumemupa jina yako." Watu wa kanisa, wale, kwaya na yote, na mtoto wao wakamwita Zuhura. Nilitaka kukataa. Lakini kukataa kungehitaji maelezo, na nilipofungua mdomo Furaha alikuwa ameshaniwekea mtoto mikononi.

Kwetu pwani watu wa jina moja huitana somo. Nilimfundisha neno hilo akiwa na miaka mitatu. Kiswahili chote anakisikia na chote anakijibu kwa Kiingereza, kama nyinyi, ila neno hilo. Amekuwa msichana mkubwa sasa, anasoma chuo, anacheka kwa nguvu. Kila Jumapili akitoka kanisani hunipigia simu. "Somo," anasema, halafu Kiingereza chake kinaanza kukimbia. Mara nyingi ameniuliza nisimulie nilivyomwokoa, nami nimesimulia, kuanzia pale picha ilipoganda. Hakuna hata mara moja niliyoanza kabla ya hapo. Othman alirudi Unguja, hajamwambia mtu. Aliyebaki ni mimi tu.

Nilipomaliza kuandika haya niliona haifai nyinyi myajue kabla ya somo wangu. Nikazitia karatasi kwenye bahasha nikampelekea yeye kwanza, nikamwandikia juu: pale utakapokwama, mama yako atakusomea. Wamezipata, najua, kwa sababu Furaha alinitumia ujumbe wa neno moja tu, "Imefika."

Jumapili iliyopita nilikaa karibu na simu tangu saa sita mchana mpaka giza likaingia. Leo ni Jumapili tena, saa tisa inakaribia, na haijalia.